Nyigu wa Baba Gwakisa

Jumapili ambayo Andendekisye alisimama mbele ya usharika kumshukuru Mungu kwa ajili ya nyigu, mkewe Damari alikaa safu ya pili amevaa kitenge kipya, ametulia kama mama wa bwana harusi. Kwa miaka ishirini na sita mumewe alikuwa fundi wa maabara katika kituo kimoja cha utafiti wa kilimo hapo Mbeya. Kazi yake ilikuwa kuinamia hadubini na kuwatenganisha wadudu kwa ncha ya brashi, huyu huku, yule kule. Madaktari walikuja, wakaandika makala zao, wakapanda vyeo, wakaondoka, yeye akabaki na brashi. Sasa mmoja wao, Daktari Severina, mama wa makamo ambaye macho yake yote yameishia kwa nyigu, alikuwa amegundua mdudu asiyekuwa na jina duniani, na jina alilompa lilikuwa la Andendekisye. Aliongeza tu herufi i mkiani, kama sheria ya Kilatini inavyotaka.

Waumini walipiga makofi, ingawa wengi hawakuelewa wanapigia nini. Kwao nyigu ni yule anayejenga kijumba cha udongo darini na kumvimbisha mtoto jicho. Andendekisye akawaeleza kwamba huyu ni wa namna nyingine. Ni mdogo kuliko punje ya ulezi, hana mabawa, ukimwona utaapa ni sisimizi, na hana habari na binadamu. Yeye humtafuta funza wa wale wadudu wanaotoboa maharage, humdunga ganzi, hutaga mayai juu yake, na watoto wakianguliwa humla yule funza taratibu huku bado yu hai. Mchungaji alikohoa kidogo hapo.

Angeishia hapo, angeshuka na heshima zake. Lakini Andendekisye alikuwa mtu wa kumbukumbu sahihi. Akatoa karatasi mfukoni, akavaa miwani, akasema atasoma kama ilivyochapishwa, asije akaonekana ameongeza chumvi. Akatafsiri neno kwa neno: mdudu alipatikana Mbeya, Igawilo, nyumbani kwa A. Mwasomola, katika stoo ya jikoni ya mke wake, Damari, ndani ya maharage ya njano yaliyobunguliwa vibaya. Kisha, kwa kuwa neno lile katika Kiingereza lilikuwa na uzito zaidi, akajisahihisha. "Vibaya sana," akasema.

Damari alihisi vichwa vikigeuka nyuma yake kimoja kimoja, kama kuku waliosikia mahindi yanamwagika. Kwa sababu Damari hakuwa mama wa nyumbani tu. Alikuwa mtunza ghala wa kikundi cha akina mama kumi na wawili waliolima maharage na kuiuzia shule moja ya bweni kule Nyololo. Ufunguo wa ghala ulikuwa unakaa kwenye pindo la kitenge chake mwaka wa saba sasa, na kila mkutano yeye ndiye aliyewafundisha wenzake namna ya kuanika, kupepeta na kuchanganya majivu ili mdudu asiguse.

Nje ya kanisa mwenyekiti wa kikundi, Esnath, alimshika mikono yote miwili, akampongeza kwa heshima aliyoipata mume wake. Alipongeza kwa muda mrefu mno. Siku ya pili yake alifika nyumbani, akakataa chai, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Mama Gwakisa, mimi binafsi sina shida," alisema. "Wanachama tu ndio wanaojiuliza. Shule nayo ikisikia, itajiuliza."

"Itasikia kwa nani?"

"Si yameandikwa, mama. Yanasomwa dunia nzima."

Akaomba ufunguo, kwa muda tu, mpaka maneno yapoe. Damari akaufungua kwenye pindo, akampa. Fundo lilikuwa limekaza kwa miaka hiyo yote, ikabidi atumie meno, na Esnath alitazama pembeni kwa adabu mpaka lilipofunguka.

*

Damari hakugombana na mumewe. Alipika viazi. Jumatatu viazi, Jumanne viazi na mboga, Jumatano ugali na mboga. Alhamisi Andendekisye akauliza kwa sauti ya chini kama maharage yamekwisha.

"Yapo kwenye karatasi yako," Damari akamjibu, akaendelea kula.

Mume alijua kosa lake lakini hakuona angefanyaje. Alijaribu kumweleza kwamba mdudu bila mahali ni kama maiti iliyookotwa bila kitambulisho. Sayansi hutaka kujua ametoka wapi, kwenye nini, na kile kitu kilikuwa katika hali gani. Damari akamuuliza kama sayansi ingekufa kwa kuandika "maharage" na kuweka nukta.

Kilichomtia nguvu Andendekisye siku zile ni jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa shemeji yake. Kaka yake Damari, Joachim, alikuwa mwalimu mstaafu wa baiolojia, Mkatoliki wa Iringa, anaishi Mlandege. Miaka kumi na minne nyuma mtaalamu mmoja mgeni alimpa jina la Joachim nyigu ambaye mwalimu huyo alimkuta kwenye dirisha la nyumba yake. Ukurasa ule Joachim aliuwekea fremu, akautundika sebuleni karibu na picha ya Papa, na hakuna mgeni aliyewahi kupata chai mle ndani kabla hajasimama akausoma. Andendekisye alikuwa amesimama pale kila Krismasi waliyokwenda kusalimia. Alijua mchoro wa nyigu yule kuliko alivyojua uso wa baba mkwe wake. Alijua magoti yake ya njano, kibonyeo shavuni, na papasi za kichwani zenye vipingili kumi na viwili.

Joachim alipopata habari alipiga simu, akampongeza shemeji yake kwa moyo mkunjufu. Alisema sasa wako wawili katika ukoo. Kisha akauliza kama ni kweli yule wa Mbeya hana mabawa.

"Hana," Andendekisye akakiri.

"Haidhuru," Joachim akasema. "Mungu ana viumbe wa kila namna. Wa kwangu anaruka."

Neno hilo lilimkaa Andendekisye kooni siku tatu.

*

Wiki ya pili Damari aliamua kumaliza mambo. Asubuhi jua lilipopanda juu ya mlima Loleza alitoa maharage yote ya stoo, akayamwaga kwenye turubai uani, akavaa miwani yake ya kuchambulia, akakaa na ungo. Kilichobaki ni chupa moja kubwa ya kioo iliyofungwa kitambaa mdomoni, ambayo mumewe alimsihi asiiguse maana ndimo alimowafuga wale wadudu wake. Damari aliitazama. Akafungua kitambaa, akamimina maharage kwenye sahani nyeupe, tayari kuyapeleka motoni.

Macho ya mwanamke aliyechambua maharage miaka thelathini hayapitwi na kitu. Damari aliona sisimizi wa mumewe akitembea ukingoni mwa sahani. Mgongoni kwake alikuwa amepanda mdudu mwingine, mdogo zaidi, mwenye mabawa. Damari alidhani yule wa juu anamla yule wa chini. Akainama. Halafu akaelewa kwamba haliwi mtu pale. Akaita.

"Baba Gwakisa, njoo uone watu wako. Wameoana."

Andendekisye alitoka na lenzi yake ya mkononi, akapiga magoti kwenye turubai. Alitazama kwa muda mrefu hata Damari akadhani amepatwa na kitu. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Ana magoti ya njano," akasema.

"Nani?"

"Dume. Ni yule wa shemeji."

Akakaa chini katikati ya maharage, akamweleza yote, maana hakuwa na mwingine wa kumwambia. Nyigu hawa, madume yao huzaliwa wachache mno. Pengine kwa majike kumi anapatikana dume mmoja. Hutoka mapema, humaliza shughuli yao humo humo ndani ya punje, na hufa. Wenye bahati huruka kuelekea kwenye mwanga. Ndiyo maana yeye miezi yote alipata majike matupu, na ndiyo maana Joachim dirishani kwake aliokota madume matupu. Mwenye mabawa na asiye na mabawa, mtu yeyote angeapa hawajuani. Wataalamu wawili walikuwa wamewaweka hata katika koo mbili tofauti. Kumbe ni mume na mke.

"Sasa ubaya uko wapi?" Damari akauliza.

"Mdudu mmoja hawezi kuwa na majina mawili. Sheria inasema la kwanza ndilo linabaki." Akafuta lenzi kwa pindo la shati. "Langu linazama."

Akamwomba mkewe, kwa unyenyekevu ambao Damari hakuwahi kuuona tangu siku za uchumba, kwamba wasiseme. Hakuna aliyeona isipokuwa wao. Wataalamu wa nyigu wadogo duniani wanahesabika, na kazi iliyoko mbele yao ni ya miaka mia. Huenda wasigundue mpaka wao wawili na Joachim wawe makaburini. Damari alikuwa karibu kukubali. Alimhurumia. Lakini akili yake ilikuwa imekwama kwenye kitu kingine.

"Jina lako likizama," akasema polepole, "na mahali je?"

"Mahali gani?"

"Mahali pa kwanza. Palipoandikwa kwamba alipatikana."

"Panabaki pa Joachim. Mlandege, Iringa. Dirishani, karibu na mpera." Aliikumbuka hata nukta iliyowekwa baada ya mpera.

Damari akarudi kwenye ungo wake. Akapepeta mara mbili tatu, akapuliza makapi. Mpera. Mti mzuri, wa heshima, hakuna mwanamke aliyewahi kunyang'anywa ufunguo kwa sababu ya mpera. Mchana ule mumewe alipokwenda kazini, alitafuta namba ya Daktari Severina, ambaye alikuwa amekula nyumbani kwake mara nne na kusifia wali, akamtumia ujumbe wa sauti. Alisema anasalimia, na kwamba kuna ndoa ameiona kwenye sahani.

*

Daktari Severina alifika baada ya siku tano na hadubini ya kubebeka ndani ya begi, na hakuwa na uso wa mtu aliyekuja kula wali. Joachim naye alipigiwa simu, akafika kwa basi la asubuhi kutoka Iringa, amekumbatia fremu yake iliyofungwa kwenye shuka kana kwamba amekuja kudai kiwanja na hii ndiyo hati.

"Kamwene," alimsalimia dada yake mlangoni, na kabla hajaitikiwa akauliza meza imara iko wapi.

Andendekisye aliwakaribisha kwa sauti iliyokauka. Alijua ni nani aliyetuma ujumbe, maana Damari alikuwa amemwambia jioni ile ile, na alichojibu ni kwamba viazi vilikuwa adhabu ya kutosha. Lakini hakukataa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapanga wale wadudu chini ya hadubini, jike na dume, kwa brashi yake.

Daktari alitazama kwa nusu saa. Alilinganisha dume na mchoro wa kwenye fremu, akahesabu vipingili vya papasi, akaandika, akahesabu tena. Akawaeleza kwamba atapeleka sampuli kupimwa vinasaba, lakini yeye hana shaka. Alikubali kosa ni lake pia. Alikuwa na majike arobaini na hakujiuliza waume zao wako wapi.

"Kwa hiyo jina linalobaki ni la zamani," akasema. "La Mwalimu Joachim."

Joachim aliinamisha kichwa kama mtu aliyepokea komunyo. Kisha wema ukamjaa, na wema wa Joachim ulikuwa mgumu kuvumilia kuliko majivuno yake. Alimshika bega shemeji yake. Alisema jina si kitu, kazi ndiyo kitu. Alisema Andendekisye atakuwa anakaribishwa kuusoma ukurasa ule kama wake mwenyewe. Andendekisye akasema asante. Damari alimwangalia mumewe akisema asante, na kwa mara ya kwanza ushindi wake ukamwingia na uchungu.

Alikuwa anamimina chai Daktari Severina alipofungua tena daftari.

"Kitu kimoja, Mwalimu. Hapa imeandikwa dirishani, karibu na mpera. Huyu hawezi kuishi kwenye mpera. Anahitaji funza wa maharage. Siku zile nyumbani kwako kulikuwa na maharage?"

Joachim akasema ni miaka kumi na minne. Akasema nyumba yoyote ina maharage. Akanywa chai iliyokuwa bado ya moto, ikamuunguza. Ndipo Damari, birika mkononi, alipokumbuka. Ilikuwa Krismasi ile Joachim alipokuja peke yake. Wakati wa kuondoka yeye Damari alimfungia gunia la maharage ya njano, la mwisho mwisho, la chini ya stoo, kwa sababu ni kaka yake na hataangalia. Joachim mwenyewe aliwahi kumtania baadaye kwamba gunia lilifika likiwa limeota mbawa.

Akaweka birika chini. Chini ya meza akautafuta mguu wa kaka yake, akaukanyaga.

"Damari, mguu," Joachim akasema.

"Samahani, kaka."

"Daktari anauliza jambo la kweli," akaendelea Joachim, naye alikuwa mtu aliyefundisha watoto miaka thelathini na tano kwamba anayedanganya kwenye jaribio la sayansi hana tofauti na mwizi. Dada yake alimkanyaga tena. Akavuta mguu. "Maharage yalikuwepo. Gunia lilikuwa jikoni, nyuma ya dirisha lenyewe. Lilitoka hapa. Alinipa huyu."

"Kutoka kwenye stoo hii?" Daktari akauliza.

"Hii hii."

"Na yalikuwa na hali gani?"

Joachim alimtazama dada yake kwa majuto ya kweli. "Yalikuwa yamebunguliwa," akasema. "Vibaya sana."

Daktari Severina akaandika. Alieleza bila ubaya wowote kwamba katika marekebisho atalazimika kutaja kuwa sampuli zote mbili, ya Iringa na ya Mbeya, chanzo chake ni stoo moja, ya Bi Damari, kwa muda usiopungua miaka kumi na minne.

*

Joachim aliporudi kwao kesho yake, mume na mke walikaa uani. Damari akamwambia mumewe ukweli wote, kwamba hakutuma ule ujumbe kwa ajili ya sayansi. Alitaka aibu ihamie Iringa. Sasa amempotezea jina mume wake na aibu imerudi nyumbani ikiwa na mtoto mgongoni.

Andendekisye alifikiri. Alisema kwamba Daktari, kabla ya kuondoka kwenda hotelini, alikuwa amemwomba jambo. Alimwomba waandike wote wawili yale marekebisho. Si kumshukuru mwishoni kwa maandishi madogo, bali waandike pamoja, jina lake likae juu kama mwandishi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtambua dume. Miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje.

"Kwa hiyo utajizamisha mwenyewe," Damari akasema.

"Kwa mkono wangu." Alisema hivyo na akaonekana, kwa mshangao wa mkewe, kuwa anaona fahari. Kisha akauliza kama inawezekana sasa kupikiwa maharage, na Damari akainuka kuwasha moto.

*

Kulikuwa na kazi moja iliyobaki. Daktari alitaka kujua kama nyigu huyu yuko Igawilo nzima au ni wa stoo ya Damari peke yake. Akawaomba akina mama wa kikundi kila mmoja alete kopo moja la maharage yaliyoshambuliwa.

Walikuja wote kumi na mmoja, makopo yamefunikwa kwa vitambaa safi. Daktari alipofungua la kwanza, maharage yalimetameta kama yamepakwa mafuta, na yalikuwa yamepakwa mafuta. Hakukuwa na tundu hata moja. La pili vivyo hivyo. Kwenye la tano mtu alikuwa amechambua mpaka punje zote zikalingana ukubwa. Daktari aliwaeleza tena kwamba anatafuta yaliyotobolewa. Wakatazamana kwa masikitiko, kila mmoja akasema angependa kumsaidia, ila kwake mdudu hajulikani kabisa. Labda ajaribu kwa Mama Gwakisa.

Andendekisye ndiye aliyependekeza waangalie ghala la kikundi, kwa kuwa liko jirani. Esnath, mwenyekiti, alisema ufunguo sijui ameuweka wapi. Wenzake wakamwonyesha kwamba umening'inia shingoni kwake.

Mlango ulipofunguliwa, ukungu mweupe ulitoka kwenye mwanga wa jua, na haukuwa ukungu. Ulikuwa unga wa maharage. Ulikuwa umetanda juu ya magunia kama baridi ya Julai juu ya majani. Wiki tano ghala lilikuwa limefungwa bila kuanikwa wala kupepetwa, kwa maana aliyekuwa akifanya hivyo kila Jumamosi alikuwa nyumbani akipika viazi. Magunia ya wengine yalikuwa na afadhali. Moja la pembeni, lililoandikwa kwa rangi nyekundu jina la mwenyewe, lilikuwa linasikika. Ukisogeza sikio, ungesikia watu humo ndani wakitafuna.

Lilikuwa la Esnath. Akina mama walilisoma jina lile kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, kisha wakaanza kutazama dari.

Andendekisye alichota konzi moja, akaimwaga kwenye sahani, akachukua lenzi. Alizungusha sahani. Akamwita Daktari. Waliinama wote wawili, vichwa vikagusana, na Damari aliyemjua mumewe aliona shingo yake ikikakamaa.

"Huyu si wetu," Andendekisye alisema.

Hakuwa. Alikuwa mdogo zaidi, mweusi ng'aavu, papasi zimekunjwa kama kiwiko, na alikuwa akitoka ndani ya kifukofuko cha nyigu wao. Yaani alikuwa amemla mlaji. Daktari Severina alifungua kitabu chake cha utambuzi, akafuata hatua kwa hatua mpaka mwisho wa njia, na njia ikakatika. Alivua miwani, akasema kwa uangalifu sana kwamba hawezi kuapa, atahitaji miezi, safari hii atatafuta kwanza mume na mke, lakini inaonekana mdudu huyu hana jina.

Kisha akatoa lebo na kalamu. Aliuliza maharage haya ni ya nani, na yako katika hali gani.

Esnath alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika ufunguo shingoni, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Wanawake wote wakamtazama Damari, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Damari naye alimtazama Esnath. Aliyakumbuka meno yake kwenye fundo la kitenge, na lile jicho lililotazama pembeni. Alikuwa amepanga maneno ya siku kama hii, na mengi yalikuwa mazuri. Lakini aliuona uso wa mwenzake umepauka kama umepakwa ule unga, na alijua mwenyewe vichwa vinavyogeuka vina sauti gani.

"Ni ya Mama Esnath," akasema. "Yamebunguliwa kidogo."

Daktari Severina aliziangalia zile punje, zilizobaki maganda matupu. Alimwangalia Damari. Alikuwa mtu aliyeishi maisha yote kwa kupima vitu visivyoonekana na hakuwahi kuandika neno asilolipima. Kalamu ilisimama hewani muda mrefu. Halafu akaandika "kidogo".

Ghala zima likashusha pumzi. Esnath alisogea, akauvua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja cha Damari na kukifumba kwa mikono yake miwili, macho yakilengalenga machozi. Alisema Mungu atamlipa. Kisha akabaki amesimama pale pale, akimtazama Daktari akiifunga ile chupa ndogo, na uso wake ukaanza kurudiwa na damu, na baada ya damu kikaja kitu kingine.

"Samahani, Daktari," akasema. "Huyu asiye na jina. Naye atapewa la mwenye nyumba?"

"Inawezekana," Daktari akamjibu. "Mara nyingi tunafanya hivyo."

"Na kwa mwanamke, mkiani mnaweka nini? Ile i?"

"Kwa mwanamke tunaweka a na e."

Esnath alilijaribu jina taratibu, mara ya kwanza kimoyomoyo, mara ya pili kwa sauti ya kusikika hadi nje. Akarekebisha kilemba. Akauliza kama karatasi ile huwa inafika mpaka Ulaya, na kama watahitaji picha.

Damari alikuwa ameanza kuufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge. Akaacha.

"Daktari," akasema, "hebu futa lile neno. Andika vibaya sana."